Sensa Iliyong'ang'ania Kwa Sadala

Sisi waandishi wa habari tuna sentensi moja tuliyoiandika hadi imechuja: chanzo cha ajali ni breki kufeli. Tunaambiwa, tunaandika, gazeti linatoka, kesho tunaandika nyingine. Ni mara chache mtu anauliza zilifeli vipi. Jumamosi iliyopita nilipata nafasi ya kuuliza, tena nikiwa nimeshika tochi.

Ilikuwa Kwa Sadala, pale barabara kuu ya Arusha na Moshi inapoachia njia ya kupanda Masama. Mjomba wangu ana Toyota Noah ya kushusha ndizi sokoni na kupandisha abiria. Taa ya ABS ilikuwa inawaka wiki ya tatu sasa. Gereji moja ya mjini ilimpa dawa ya haraka: toa elfu kumi, tunaizima hiyo taa, hutaiona tena. Mjomba akakataa. "Mimi masika nashuka hapa na watoto wa watu," akaniambia. "Taa ikinyamazishwa, nitajuaje kuna ubovu?"

Kwa wasioijua, ABS ni mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki ghafla. Ule wa Bosch uliingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Sensa ni kijiti kidogo kilichochomekwa karibu na gurudumu, na katika magari mengi kinatazama pete yenye meno inayozunguka na gurudumu hilo. Meno yakipita, sensa inatuma mapigo ya umeme, kompyuta ya gari inayahesabu. Ikiona gurudumu moja linataka kusimama wakati mengine yanazunguka, inalilegezea breki kisha inalibana tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana usukani unaendelea kukusikiliza. Sensa ikifa, kompyuta inazima ABS na kuwasha taa. Breki za kawaida zinabaki. Ila kwenye tope la mteremko, tairi zikijifunga, gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Fundi ni kijana wa rika langu, gereji yake iko chini ya mti. Mashine ya kusoma gari ikamwonyesha gurudumu la mbele kulia. Akapiga jeki, akatoa tairi, akafungua bolti moja tu kwa spana namba 10. Kazi imekwisha? Wapi! Sensa haikutikisika hata kidogo.

Dereva mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Vuta na plaizi!" Fundi akacheka. "Braza, hii ni plastiki. Ukivuta, kichwa kinabaki mkononi na mwili unabaki ndani."

Adui ni kutu. Sensa imekaa ndani ya tundu la chuma, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo tundu linaibana kama koo lenye uvimbe. Mengi ya magari yetu yametumika kwanza Japani, na sehemu za huko zenye theluji humwaga chumvi barabarani. Chumvi na chuma hazijawahi kupatana. Ongeza matope yetu.

Akatoa kaliper, akaining'iniza kwa waya ili mpira wa breki usibebe uzito, akatoa na diski. Pedi akaziweka mbali juu ya gazeti (ndiyo, gazeti letu), maana pedi ikilowa oili breki imeharibika. Akapuliza oili ya kulegeza kutu kuzunguka sensa, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi akaanza kuizungusha kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kuivuta. Oili tena, kugongagonga taratibu tena. Hata hivyo kichwa kikakatika. Mjomba akageuka kuutazama mlima, hakusema neno.

Ikabidi fundi achomoe ekseli ya upande ule ili aione ncha ya sensa kwa ndani. Akaisukuma kutoka nyuma kwa kipande chembamba cha chuma, nyundo ikigonga kama anayebisha hodi. Ikatoka. Kutoboa kwa drili alikuwa amekuweka mwisho kabisa, kwa sababu drili ikiteleza inaweza kuharibu pete au beringi.

Akapiga msasa tundu, akafuta unga wote wa kutu, akapaka grisi kidogo. Sensa mpya ikaingia kwa kidole. Tukapanda nayo kuelekea Masama, taa ikazimika yenyewe.

Saa nne zilikwisha, na fedha mara nyingi ya ile elfu kumi. Lakini sasa najua breki haianzi kufeli siku ya ajali. Inaweza kuanza siku fundi anapolipwa kunyamazisha taa. Wewe unayeendesha, jumatatu washa gari utazame dashibodi: taa ya ABS inapaswa kuwaka kidogo kisha izimike. Kama haiwaki kabisa, muulize aliyekuuzia. Na mimi nikipewa tena ile sentensi, nitauliza swali la pili.