Gari la Turubai, Coventry na Mamba

Gari la kwanza lisilo na paa la bati nililolipanda maishani halikuwa la starehe hata kidogo: lilikuwa Landrover 109 ya tajiri mmoja wa mpunga, ambayo mjomba wangu aliiendesha miaka mingi kati ya Mamba na Mpanda kule kwetu Katavi, na ambayo mgongoni ilivikwa turubai la kijani lililofifia hata likakaribia rangi ya vumbi la njia ya Majimoto. La pili ni hili nililo nalo hapa Coventry, Mazda MX-5 ya mwaka 1996, yenye viti viwili tu, uzito wa takriban tani moja, na turubai jeusi ambalo dereva huweza kulikunja nyuma bila kuondoka kitini. Nililinunua mwaka 2007, na tangu hapo sijapata kutamani jingine. Kila nirudipo nyumbani jamaa huniuliza kwa nini mtu mzima adumu na kigari kimoja miaka yote hiyo ilhali Uingereza magari ni tele. Na madhali jawabu lake lina nasaba na ile Landrover kuliko wanavyodhani, nimeona afadhali niliandike.

Aina hii ya Mazda ilidhihirishwa katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, wakati ambapo viwanda vya Waingereza vilivyosifika kwa magari ya wazi vilikuwa vimekwisha kunyamaza, cha Triumph hapa hapa Canley na cha MG kule Abingdon, vyote viwili mwaka 1980. Wajapani wa Hiroshima waliichukua sanaa ile, wakaiondolea ila zake za kuvuja oili na kuzimika njiani, na ilipofika Aprili 2016 walikuwa wamekwisha kuunda la milioni moja.

Adui wa gari la wazi katika nchi hii si jua, ni maji na chumvi. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na magurudumu huirusha mpaka kwenye bati la chini. Na mvua inayotiririka juu ya turubai hupokewa na vijitundu viwili nyuma ya viti, kimoja kila upande, ambavyo vikizibwa na majani makavu maji hukosa pa kutokea, yakajikusanya ndani ya boriti zilizo chini ya milango, na kutu ikaanza kula kutoka ndani, pasipo mwenye gari kuona lolote, mpaka siku kidole kinapopenya rangi kama kinavyopenya papai lililoiva. Kwa hiyo kila Oktoba, miti inapopukutisha majani, mimi hupiga magoti nyuma ya kiti, nikachokoa vijitundu vile kwa uzi mnene wa plastiki, kisha nikamimina maji kikombe kimoja na kusikiliza mpaka yadondoke chini ya gari. Kioo cha nyuma nacho si kioo, bali ni plastiki iliyoshikwa kwa zipu, ambayo sharti ifunguliwe na kulazwa kabla paa halijakunjwa, kwani plastiki hiyo ikikunjwa katika baridi hupasuka. Nami niliulipia ujuzi huo katika baridi yangu ya kwanza.

Juu ya hayo ipo sheria. Tangu mwaka 1960 Waingereza wana ukaguzi uitwao MOT, ambao hapo mwanzo uliyahusu magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi, na tangu 1967 huanza gari litimizapo miaka 3. Kila mwaka gari hupandishwa juu, breki zikapimwa, bushi zikatikiswa, kutu ikagongwagongwa. Na kitu kinachoelekea kuharibika, ijapokuwa hakijaharibika, huandikwa pamoja na maili gari lilizokwenda, mahali ambapo yeyote aijuaye namba yake aweza kusoma. Fauka ya hayo, gari lililotunzwa huwa na kitabu cha matengenezo, na mnunuzi mwenye akili hukitazama kitabu kabla hajaitazama rangi.

Sasa turudi Mamba. Zile Landrover ziliundwa Solihull, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapokaa, na siku nilipolijua hilo nilishikwa na hisia ya ajabu, kana kwamba nimekutana na mtu wa kwetu ughaibuni. Bodi ya ile ya mjomba ilikuwa ya aluminiamu, kwa kuwa zilipoanza kutoka mwaka 1948 chuma kilikuwa bado kwa mgawo baada ya vita. Basi bodi haikujua kutu, ingawa chasisi yake ya chuma haikusalimika. Kati ya Sitalike na Kibaoni, njia inapokatiza Hifadhi ya Katavi, mbung'o huliandama gari linalokwenda kama waandamavyo nyati, na sisi abiria juu ya magunia tulilishusha turubai na kuzikaza kamba zote, tukalowa jasho gizani, kila mwenye kitenge akipunga kitenge chake. Masika, udongo mweusi wa mbuga ulipoyameza magurudumu, mjomba aliteremka, akazunguka gari mara moja bila kusema neno, akajua pa kuchimba. Hakuwa na kitabu. Alilijua gari kwa sikio, kwa unyayo na kwa harufu.

Sikio hilo lilinifaa mimi huku. Injini yangu ilianza kugonga, ta-ta-ta, hasa asubuhi, na gereji moja ya hapa ikanishauri nibadilishe tapeti zote, kwa bei iliyokaribia thamani ya gari lenyewe. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza simu karibu na injini. Sasa kanyaga mafuta. Achia." Akanyamaza kidogo. "Hizo tapeti zina kiu. Mwaga oili yote, weka mpya na chujio jipya, halafu nipigie baada ya wiki."

Baada ya wiki mlio ulikuwa umekoma. Hapa kila kitu kimeandikwa, na aghalabu fundi husoma kilichoandikwa akabadilisha kifaa, asisikilize.

Lakini nisimsifu mjomba nikasahau msiba wa ile Landrover. Alipostaafu, maarifa yote yaliondoka pamoja naye kifuani mwake, kwani hapakuwa na karatasi iliyosema oili ilibadilishwa lini wala ni spea gani iliyofungwa. Dereva aliyefuata alikisia. Fundi aliiona injini ikichemka akaing'oa thamostati, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kwetu, ilhali injini isiyo na thamostati hukawia kupata moto wake ikajila taratibu. Rejeta ikajazwa maji ya kisimani. Na haukupita muda ile injini iliyovuka matope ya miaka na miaka ikakwama kabisa. Haikufa kwa uzee, ilikufa kwa kukosa mtu aliyejua habari zake. Nasema hili kwa uchungu, kwa maana mafundi wetu wana mikono ambayo huku siioni, na kinachowapungukia ni kalamu.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilimchukulia mjomba daftari la jalada gumu, lenye kurasa 200, kwa ajili ya Boxer ya bodaboda anayoiendesha mwanawe. Aliligeuzageuza, akavaa miwani, akaandika mwenyewe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: tarehe, kilomita, oili, mnyororo, breki ya nyuma. Juma lililopita binamu yangu alinitumia picha: kurasa 11 zimejaa, na mwandiko wa ule wa mwisho si wa mjomba tena, ni wake yeye.