Gobore la Babu

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kumsaidia babu kulima mahindi, kijijini upande wa Urambo. Nyuma ya mlango wa chumba chake lilisimama gobore la marehemu baba yake. Sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa, nasi tuliligusa kila alipotoka.

Jioni moja nilimwomba anionyeshe linavyopakiwa.

"We mtoto, hii si manati bwana," akacheka. Lakini akalitoa, akasimama katikati ya ua. Akamimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Yakafuata marisaa, kitambaa tena, mdeki tena. Mwisho akaweka unga wa njiti za kiberiti mahali pa fataki. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilifika hamsini na tatu.

"Umeona? Ukimkosa nguruwe mara ya kwanza, basi, hakusubiri."

Ndugu msomaji, mimi niliona jambo jingine. Muda wote ule babu alikuwa amesimama wima. Gobore hupakiwa kwa mbele, na mdeki hautaki mtu aliyelala kifudifudi. Usiku ule nikawaza: na kama ng'ambo ya ua angekuwapo mtu mwenye bunduki ya kupakiwa kwa nyuma?

Mtu huyo alikuwapo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Pembe zilishuka pwani, bunduki na baruti zikapanda bara. Kwa bunduki hizo rugaruga wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, walitikisa nchi nzima hii. Lakini nyingi zilikuwa kuukuu, masalio ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata zilizo bora. Mauser ya Wajerumani ya mwaka 1871 ilitiwa risasi ya shaba kwa nyuma, moja moja, na askari aliweza kuipakia akiwa amelala.

Nilikuwa nikidhani wazee wetu walibaki na magobore kwa kutojua. Kumbe sivyo! Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels. Yalizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, ila yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Yaani tuliruhusiwa kununua ile inayotaka usimame.

Miaka mitatu haikutimia. Januari 1893, Tom Prince na askari wake waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Ilipoingiwa, Isike aliiwasha ghala yake ya baruti akiwa ndani. Baruti aliyokuwa nayo haikutosha kumwokoa, ilitosha kumnyima adui mateka mzima.

Lakini bunduki haina ndugu. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na Mauser ileile, na baruti yake ilitoa moshi. Kila aliyefyatua alijionyesha alipo, na Mwingereza akamlenga kwa bunduki isiyo na moshi. Wengi wa askari hao walikuwa vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma. Walipowashinda Waingereza Tanga, Novemba 1914, walijiokotea mamia ya bunduki mpya. Hata hivyo, tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Wajukuu wa zama za Isike wakaionja hesabu ileile.

Haya nilimweleza babu, maana nilikuwa na shida nayo. Serikali ilikuwa imetoa muda wa kusalimisha silaha zisizo na kibali, na kibali babu hakuwa nacho. Niliogopa atafungwa. Nilimsema wiki nzima mpaka akachoka.

"Haya. Lakini nalipeleka mwenyewe."

Tulitembea mpaka ofisi ya kijiji. Nje palikuwa na polisi kijana, SMG begani.

"Hiyo inakula ngapi, mjukuu wangu?" babu akauliza.

"Thelathini, mzee."

"Thelathini!" Akaitazama, akalitazama lake. "Sasa huyo wa kumpiga thelathini ni nani?"

Kijana akacheka. Babu hakucheka. Alilaza gobore juu ya meza kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia, akaweka dole gumba kwenye karatasi, tukaondoka.

Msimu ule nguruwe walikula nusu ya shamba. Babu alilala kwenye kibanda, akipiga debe usiku kucha, na kifua kikaanza kumsumbua. Hakunilaumu hata siku moja. Nami mpaka leo naamini sheria ilikuwa na haki, ila najua pia mahindi yalikuwa ya nani.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta uani, ameshika mti wa kupigia debe. Alikuwa akishindilia hewa, taratibu, akiwa amesimama wima. Sikuhesabu.