Uliza Ngazi Zinakwenda kwa Nani

Nilipostaafu mwaka 2010 nilikuwa na mambo mawili mkononi: kiinua mgongo changu, na hamu ya kuzeeka Simbo. Mimi si mzaliwa wa huko. Nilipelekwa kufundisha Simbo nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, miaka michache tu baada ya Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishwa kutoka katika mashamba yao ya zamani na kukusanywa vijijini. Baadaye nilizunguka shule nyingi, nikawa mwalimu mkuu, lakini moyo ulibaki kule kwenye michikichi.

Basi nikamtafuta dalali. Ndugu msomaji, neno hili linawachefua wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Dalali niliyempata alikuwa mwanafunzi wangu. Darasa la tano alinipa taabu sana katika hesabu za asilimia, na nakiri kwamba fimbo yangu ilimfikia zaidi ya mara moja. Siku hiyo alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo Mwalimu," kisha, kabla sijaketi vizuri, akanieleza kwamba yeye huchukua asilimia 10 ya bei. Hesabu hiyo aliifanya kwa kichwa.

Alinipeleka kuona shamba la ekari 3, lenye michikichi mikubwa na mahali pazuri pa kujenga. Mwenyewe alitaka shilingi 4,500,000. Nilipenda papo hapo. Lakini kijana yule hakunisifia shamba hata kidogo. Alianza kunipa mafundisho, na mimi, niliyefundisha miaka karibu 40, nikasimama juani kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu," alisema, "shamba halitazamwi kiangazi. Njoo masika, uone maji yanapita wapi." Akanionyesha kwa kidole upande wa bonde la Luiche, ambako nyumba ya mtu aliyenunua mwezi wa nane ilikuwa imebaki kuta tupu. Akaniambia nizunguke mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne, si pamoja na muuzaji, kwa maana muuzaji hupanua shamba kwa mdomo. Akaniambia kwamba muhuri wa mwenyekiti peke yake ni wino tu. Ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, na mtu wa kutoka nje ya kijiji asipopata kibali cha kikao chenye muhtasari, amenunua ugomvi. Akaniuliza kama muuzaji ana mke, na kama mke huyo ameulizwa. Akaniuliza kama shamba ni la urithi, na kama ni la urithi, nani aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi.

Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa. "Uliza nani anakwea hii michikichi. Uliza ngazi zinakwenda kwa nani."

Niliona ni maneno ya kujiongezea umuhimu. Muuzaji alikuwa mtu niliyemfahamu tangu ujana. Tulicheza bao pamoja, nami niliwafundisha watoto wake. Ningeanzaje kumhoji kama polisi?

Sasa nitaeleza jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hata nyumbani kwangu. Jioni moja yule rafiki yangu alinijia akiwa peke yake. Akasema, "Mwalimu, mimi na wewe ni ndugu. Huyu kijana wa nini katikati yetu?" Asilimia 10 ya bei ile ilikuwa shilingi 450,000. Ilitosha mabati ya nyumba ndogo. Tukakubaliana usiku ule, tukaandikiana, mwenyekiti akapiga muhuri wake, na dalali akaambiwa kwamba biashara imevunjika. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. Alisema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake kwa baiskeli.

Masika yalipofika nilikuwa nimekwisha chimba msingi. Asubuhi moja nikasikia sauti ya shoka juu ya mti. Nikatoka. Kijana mkwezi alikuwa juu akiangusha ngazi za chikichi, na chini alisimama mama mmoja wa makamo yangu, na beseni lake. "Mwakeye, Mwalimu," alinisalimu kwa utulivu kabisa. Nikamuuliza anafanya nini shambani kwangu. Akaniambia kwamba shamba hajui ni la nani siku hizi, ila michikichi ile 11, kuanzia huu mpaka ule wa kwenye kichuguu, ni yake. Alikuwa dada wa muuzaji. Aliporudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, baba yao alimpa miti hiyo mbele ya wazee, apate mawese ya kula na ya kuuza, na mise azipasue auze. Kwa miti hiyo alikuwa amewasomesha watoto watatu. Mmoja wao nilimfundisha mimi.

Karatasi yangu ilisema nimenunua shamba "pamoja na vyote vilivyomo." Nilikwenda nayo katika Baraza la Ardhi la Kijiji nikijiamini. Wajumbe walikuwa saba, na wanawake walikuwemo kama sheria itakavyo. Walinisikiliza kwa heshima kubwa mno, heshima iliyoniuma kuliko matusi. Kisha mjumbe mmoja mwanamke akauliza kama nina muhtasari wa Halmashauri. Sikuwa nao. Akauliza kama kuna barua ya usimamizi wa mirathi. Haikuwapo. Akauliza kama dada aliulizwa, kwa kuwa sheria ile ya 1999 inasema mila ya kumnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Kila swali nilikuwa nimeshalisikia mara moja kabla ya hapo, juani, kutoka kwa mtu niliyemdhulumu.

Ilinibidi nimfuate. Nilimkuta mjini, Mwanga, nikamwambia yote, hata lile la jioni. Hakuonyesha mshangao. Ajuaye kazi yake huwa amekwisha jua. Aliuliza tu, "Baraza linakaa lini tena?" Siku hiyo alikuja, akazunguka mipaka na majirani wanne, akahesabu miti, akakaa na ndugu wa pande zote mpaka jua likazama. Ikaamuliwa kwamba mirathi ifunguliwe mahakamani, kisha mauzo yarudiwe mbele ya Halmashauri. Kaka anirudishie sehemu ya fedha. Na dada aendelee kuvuna miti yake 11 maisha yake yote. Kaka alirudisha nusu ya alichopaswa. Hiyo nusu nyingine nilikoma kuidai. Bao hatukucheza tena.

Tangu wakati huo nimekaa sana na kijana yule, na nimejifunza kutazama ardhi kwa macho yake. Yeye husema bei ya kiwanja ni habari za kesho zilizouzwa leo. Ujiji ulikuwa mji wa kutamaniwa wakati misafara ya kutoka pwani ilipoishia huko, na Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871. Wajerumani wakaipeleka reli Kigoma, ikafika 1914, na thamani ikahama nayo. Siku hizi wanaokuja kununua Simbo na vijiji vya jirani wana nyimbo mbili. Ya kwanza ni mchikichi, tangu Serikali ilipoufanya zao la kimkakati mwaka 2018 na miche ya tenera ikaanza kugawiwa. Ya pili ni reli ya kisasa, kwa kuwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Dalali wangu hakatai yote hayo. Ila humuuliza mteja, "Reli ikichelewa miaka 15, hapa utakula nini?" Wengi hukasirika, wakaenda kwa dalali mwingine. Mimi hucheka kimoyomoyo, maana nawajua.

Kuhusu viwanja vya ufukweni ni mkali zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini tajiri akishaona mawio ya jua juu ya maji, hasikii. (Mawio, alivyosema mmoja wao mbele yangu, upande wetu wa Tanganyika jua huzama ziwani, halichomozi humo. Mtu huyo alikuwa amekwisha lipa.) Maji ya Tanganyika hayakai mahali pamoja. Yaliwahi kupanda hadi yakafungua mlango wa Lukuga katika miaka ya 1870, kisha yakashuka, ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji leo pako mbali na maji. Na katika miaka hii ya 2020 tuliyaona tena yakipanda na kuingia katika nyumba za watu, kwetu na ng'ambo, Uvira na Bujumbura.

Mama yule alifariki mwaka 2019. Kwa maandishi, miti yote sasa ni yangu. Mwezi mmoja baada ya maziko mjukuu wake alikuja na beseni lile lile, akasimama njiani, hakuingia. Nilimwita aingie. Anakuja mpaka sasa.

Zile shilingi 450,000 nilimpelekea dalali mwaka ule ule wa baraza, nikiwa nimeuza mabati niliyoyanunua kwa fedha yake. Nilitaraji angesema, "Acha tu, Mwalimu." Hakusema. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu mbele yangu mara mbili, noti kwa noti, kisha akatoa kitabu cha stakabadhi na kuniuliza kama jina langu la kati linaandikwa kwa herufi moja au mbili.