Ubaridi wa Sakafu

Mbeya, mwezi Julai, sakafu ya saruji huwa baridi kama jiwe la mtoni. Kila alfajiri nilifanya mazoezi chumbani pekupeku, nikijilinganisha na Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Nilisahau kwamba Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena, miguuni ana viatu.

Asubuhi moja sikuusikia ubaridi ule. Nikaona damu: kigae cha kikombe kilikuwa kimenichana, nami sina habari. Dada yangu wa Iringa, ambaye kisukari kilimpokonya kidole, akaniambia kwa simu: “Kaka, mguu usiosikia baridi hausikii hata mwiba.”

Siku hizi navaa raba, na kila jioni nazikagua nyayo zangu. Ubaridi niliokuwa nikiulaani, sasa nautamani.