Bunduki Haishikwi kwa Ubavu

Maji yakimwagika hayazoleki; na risasi nayo, ikiisha kutoka mtutuni, hairudi. Karani mmoja wa Lodwar aliyajua maneno hayo kwa kuyasikia tu. Maana yake aliipata Namoruputh, katika miaka ile kabla ya 1977, serikali ya Kenya ilipokuwa haijapiga marufuku uwindaji.

Karani huyo alikuwa na kibali cha kuua choroa mmoja. Alitoka alfajiri pamoja na mzee wa Kiturkana aliyekuwa askari zamani. Jua lilipopanda walimwona choroa dume kivulini mwa mgunga, kadiri ya hatua 150. Karani, kwa kujiona hodari, alisimama wima, akainua bunduki, akapiga papo hapo. Choroa aliruka, akakimbia akiburuta mguu wa nyuma.

Waliifuata damu muda wa saa nne juu ya mawe ya moto, hata kibuyu cha maji kikawa chepesi. Mzee hakumkemea. Alisema tu, “Mwanangu, bunduki haina kosa. Wewe ulisimama kama mti usio na mizizi.”

Walipopumzika, mzee alimfundisha. Mwenye kupiga hali ameketi na aweke viwiko mbele kidogo ya magoti, penye nyama, kwa maana mfupa juu ya mfupa huteleza. Penye mti, mkono wa kushoto ushike shina, na bunduki ilale juu ya mkono huo. Pasipo mti, fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa ngozi zatosha. Penye jiwe, mtutu usiguse jiwe kamwe, kwani hurushwa juu wakati wa mlio, na risasi hupita juu ya mnyama; sharti uwepo mkono au nguo katikati. Kisha mtu avute pumzi, aitoe nusu, aizuie kidogo, na kifyatulio akibane pole pole, asikivute kwa ghafula.

Alasiri walimkuta choroa amesimama, pembe zake ndefu zimewaelekea. Mzee alivua shuka yake, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe. Karani alilala kifudifudi, akasubiri mpaka mnyama alipogeuka ubavu. Risasi moja ilitosha. Hakushangilia, alikuwa akiufikiria ule mguu uliovunjika na zile saa nne za maumivu.

Ng'ambo ya mpaka, katika Karamoja ya Uganda, Mskochi W. D. M. Bell aliwinda ndovu mwanzoni mwa karne ya 20, akaua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya risasi ndogo za milimita 7. Hakutegemea ukubwa wa risasi, bali kuifikisha mahali pake. Hata vichwa vya ndovu alivipasua apate kujua ubongo ulipo.

Siku za uwindaji huo zimepita, na choroa wa Turkana sasa analindwa na sheria. Lakini somo la mzee halikupita. Karani yule alipomaliza kazi ya siku hiyo alimrudishia shuka yake, akamwambia, “Mzee, asubuhi niliona haya kuegemea kitu.” Mzee akajibu, “Na haya hiyo ndiyo iliyomvunja mnyama mguu.”