Nasaha kwa Mpwa Aliyetia Kufuli Vitabu vya Watoto

Kwa mpwa aliyeko Mantapala.

Barua hii kutoka Kashikishi inaingia moja kwa moja katika jambo lililosababisha iandikwe. Wanawake wanaoshuka kutoka Mantapala kuja ziwani kununua dagaa wa Mweru, wale ambao wenyeji huwaita chisense, wameleta habari kwamba sanduku la vitabu vya picha, ambalo mpwa alikabidhiwa ili awasomee na kuwaazima watoto tangu Septemba hadi mvua zitakapokolea, limetiwa kufuli. Inasemekana kwamba vitabu hivyo sasa hutolewa siku za wageni tu, hupangwa mezani, hupigwa picha, kisha hurudishwa ndani. Mjomba mtu hakuamini mara moja, lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na kwa kuwa kwa watu wengi wa bonde la Luapula ukoo hufuatwa upande wa mama, lawama ya kosa la mpwa humwangukia mjomba kabla ya kumfikia baba, kwa hiyo haki ya kuuliza ni yake.

Nyumbani hakuna baya. Mama mkubwa amepata nafuu ya miguu, mtumbwi umezibwa, na wadogo wameanza muhula wa tatu.

Kitabu cha picha, kwa maana inayokusudiwa hapa, si kitabu chochote kilichotiwa michoro, bali ni kile ambacho picha na maneno hugawana kazi ya kusimulia, kiasi kwamba picha zikifunikwa hadithi hupungua, na maneno yakifunikwa mtoto bado hushika mwenendo wake. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya namna hiyo vilivyotungwa kwa ajili ya watoto ni Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyoonekana uliotiwa katika picha, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658, ambamo kila mchoro uliwekewa maelezo ya Kilatini na ya Kijerumani, na namba zikaunganisha kitu kilichochorwa na neno lake. Mtungaji wake, Jan Amos Comenius, alikuwa mkimbizi aliyeondoshwa kwao Moravia kwa sababu ya dini, akapata hifadhi Leszno nchini Poland, na mji huo ulipochomwa mwaka 1656 miswada yake mingi iliteketea. Kitabu hicho kilitoka miaka miwili baada ya moto huo, na mpwa, ambaye kila asubuhi huketi na watoto wa watu waliokimbia vita, ana sababu zaidi ya wengine ya kujua kwamba kazi hii haikuanzishwa na mtu aliyekuwa ameketi kwa raha nyumbani kwake.

Hali ya Mantapala yenyewe inalifanya kufuli hilo kuwa jambo zito. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo walioanza kuingia wilaya ya Nchelenge tangu Agosti 2017 wakitoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, na huduma zake zilipangwa ziwafae wakimbizi na wenyeji pamoja. Zambia hutumia lugha saba za nchini katika kufundisha kusoma kwenye madarasa ya mwanzo, ambazo ni Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale, na kwa mkoa wa Luapula lugha hiyo ni Kibemba. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili cha Katanga anapoingia darasani hukuta maneno asiyoyajua ubaoni, lakini akipewa kitabu chenye picha ya mamba aliyejificha kwenye matete huanza kusimulia papo hapo kwa lugha yake, na jirani yake Mbemba humjibu kwa lugha ya kwao, hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Sanduku likifungwa, mazungumzo hayo nayo yamefungwa.

Hapa panafaa kutajwa jambo lililomkera mjomba kwa muda mrefu, nalo ni tabia ya watu wa sokoni kukiita Kiswahili lugha ya wakimbizi, kana kwamba kilivuka ziwa juzi. Msafiri Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa bonde hili, mwaka 1867 alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi, na mwaka huohuo Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, alipigana na chifu Nsama katika nchi iliyo kati ya maziwa ya Mweru na Tanganyika. Hata huko Marekani kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One cha Muriel na Tom Feelings, kilitoka mwaka 1971 na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Caldecott, ambayo hutolewa kwa ajili ya michoro ya vitabu vya watoto. Wala bonde hili si geni kwa vitabu, kwa kuwa Mwata Kazembe wa kumi na nne alitunga historia ya watu wake kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, iliyochapishwa mwaka 1951. Mjomba alikuwa akiwasomea wavuvi barua zao kwa lugha zote mbili bila kulipwa hata samaki mmoja, na marehemu babu alipoacha fedha kidogo alipendekeza sehemu yake inunuliwe vitabu vya watoto wa ukoo, lakini wakubwa wakanunua injini ya boti ambayo haikumaliza miaka miwili. Hayo yamepita, ila hayajasahaulika.

Kuhusu kufuli, yafaa mpwa asikilize kisa ambacho hajawahi kusimuliwa kikamilifu. Katika shule moja ya upande wa Kongo, ambayo jina lake halina haja hapa, mjomba alikuwa karani wakati mwalimu mkuu alipopokea vitabu vya picha vilivyokuwa vizuri kuliko chochote kilichowahi kuonekana pale, vyenye karatasi nzito, rangi zisizochuja na ndege waliochorwa hadi unyoya mmojammoja. Mwalimu huyo aliviweka katika sanduku la bati, akavaa ufunguo shingoni, na akasema vitatolewa watoto watakapojifunza kunawa mikono. Karani alishauri kwamba viazimwe angalau vitano kwa wiki, na akaambiwa ashughulikie mahudhurio. Kitabu kimoja kilipopotea, binti wa mlinzi alichapwa fimbo mbele ya wenzake, naye hakusema neno. Vita vilipofika Pweto Desemba 2000 na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Zambia, mwalimu aliacha godoro na sufuria akalibeba sanduku, na wote waliomsaidia njiani walilalamika kwa uzito wake. Lilipofunguliwa upande huu, majalada yalikuwa yamesimama kwa mstari kama siku yalipopangwa, lakini mchwa walikuwa wamepenya zamani kwenye tundu la kutu lililokuwa pembeni, wakala karatasi kutoka ndani na kujaza udongo mahali pake, na udongo huo ndio watu waliokuwa wakiubeba. Kitabu pekee kilichosalimika kilikuwa kile kilichopotea, kwa maana binti wa mlinzi alikuwa amekifunga katika kitenge cha mama yake. Hakikuwa na jalada, kurasa mbili zilikuwa zimeingia mafuta ya mawese, na watoto wa kambini walikisoma mpaka nyuzi zikaachana. Mwalimu hakumwomba radhi binti yule.

Imesemwa, kwa kumtetea mpwa, kwamba alifunga sanduku baada ya kitabu kimoja kurudi kina magamba ya samaki yaliyogandamana katikati ya kurasa na harufu ya dagaa isiyotoka hata kikianikwa. Mjomba anaielewa hasira hiyo, lakini anauliza ni nyumba gani kandokando ya Mweru ambayo kitabu kinaweza kulala usiku mmoja kisirudi na harufu hiyo. Magamba yale ni ushahidi kwamba kitabu kilifunguliwa jioni, wakati mama akiparua samaki, na kwamba pengine mama mwenyewe alikigusa. Kitabu kinachostahili kutiliwa shaka ni kinachorudi kisafi.

Tiba ya uchakavu ipo, tena haihitaji kufuli. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila kitabu kiandikwe kinapotoka, jina la mtoto, la mzazi na siku ya kurudi, na daftari lisomwe kila Ijumaa mbele ya watoto wote. Mgongo ulioachia ushonwe kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ambao maji hayauozeshi, na beseni la maji na kitambaa viwekwe mlangoni badala ya hotuba kuhusu mikono michafu. Sanduku liinuliwe juu ya matofali mbali na ukuta, na likaguliwe upande wa chini kila wiki. Kuhusu hofu kwamba kitabu kikiharibika hakipatikani kingine, tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umekuwa ukitoa hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kunakili, kuchapa na kutafsiri bila kulipa, na nchini Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kupatikana kwa vitabu vya Kiswahili tangu mwaka 1991. Hata kilichoungua kwa moto kina njia ya kurudi, almradi kuna watoto wanaokiulizia.

Yapo pia majira yenyewe, ambayo mpwa aliyalalamikia katika ujumbe wake wa mwisho, akisema kwamba vingi kati ya vitabu vilivyoletwa vinahusu majira ya majani kupukutika, yaani miezi ya Septemba hadi Novemba katika nchi za kaskazini, vikiwa na miti ya manjano, maboga makubwa na watoto waliovaa sweta, na kwamba watoto wa Mantapala huuliza kama miti hiyo inakufa. Swali hilo lisikwepwe, kwa kuwa miezi hiyohiyo miti ya miombo, ambayo ndiyo misitu ya nyanda hizi, hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla tone la mvua halijaanguka. Basi mtoto na apelekwe nje na kitabu mkononi, alinganishe wekundu wa jani linalozeeka kule na wekundu wa jani linalozaliwa huku, kisha achore la kwake. Pale ambapo vitabu vya karibu vinapatikana vitangulizwe, kwa mfano hadithi ya Sokwe mvuvi anayepeleka samaki wabichi sokoni huku Mbwa akiwatamani, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2005 na kuchorwa na John Kilaka, mwenyeji wa Sumbawanga jirani yetu, kwa mtindo wa Tingatinga, yaani uchoraji wa rangi zing'aazo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa Kashikishi hahitaji kufafanuliwa kwa nini Sokwe ana haraka.

Wakati nao uchaguliwe kwa akili. Dagaa wa Mweru huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali uvuvi huo hufifia, kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu baba huwa nyumbani na taa yake huwa haina kazi. Huo ndio usiku wa kupeleka vitabu katika nyumba za wavuvi, ili baba naye aonekane akikodolea picha. Tarehe 1 Desemba marufuku ya uvuvi huanza na kuendelea mpaka mwisho wa Februari, fedha huadimika, na watu huwa wakali; sanduku lililokuwa wazi tangu Septemba litakuwa limekwisha kuwazoesha watu kukaa pamoja, ilhali lililofungwa litaonekana kuwa mali ya kuvunjiwa.

Mengine ni mafupi. Mtoto asitozwe kitu kwa kuazima, hata kikombe cha dagaa. Wageni wakija, watoto wakutwe wakisoma, wasipangwe mstari ili wasome. Kijana yule wa boti za Kilwa ya Ziwa Mweru, anayemposa mpwa, asipewe jibu mpaka wajomba wamemwona, na boti iliyojaa kupita kiasi isipandwe hata kama ni yake. Chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia. Hadithi isomwe kwa Kibemba na kwa Kiswahili zamu kwa zamu, na mpwa asione haya lafudhi yake katika lugha yoyote kati ya hizo.

Mjomba hajasahau kwamba mpwa alipokuwa mdogo hakuwa na kitabu cha picha hata kimoja, na anakisia kwamba mikono inayovizuilia vitabu vile ni ya mtoto yule aliyenyimwa. Huruma hiyo anayo, lakini haitoshi kuwa sababu ya kuwanyima wengine. Kwa hiyo ufunguo wa kufuli ukabidhiwe mwanamke yeyote wa kwanza anayeshuka Kashikishi kununua dagaa, naye ataufikisha kwa mjomba, ambaye ana sanduku la nyavu linalohitaji kufuli zuri. Jibu linasubiriwa kabla ya marufuku ya uvuvi, nalo liandikwe kwa kalamu kwa sentensi kamili, kwa kuwa ujumbe wa simu mama mkubwa hawezi kuuweka chini ya mto. Daftari la waazimaji linakiliwe ukurasa wa kwanza na kuambatanishwa.

Wasalaam,
Mjomba, Kashikishi