Swali Lisilotaka Jibu

Mpenzi msomaji, umewahi kubishana na mtu ambaye kila ukimjibu huhamisha swali? Mimi watu wa aina hiyo wamenichosha, na uchovu wenyewe ulianza mwaka wa 2010, tulipokuwa tukijiandaa kupigia kura Katiba mpya tarehe 4 Agosti.

Rasimu ile ilikuwa na mengi: ugatuzi, ardhi, haki za raia. Lakini mtaani kwetu na ndani ya matatu, gumzo lilikuwa uavyaji mimba tu. Ukisema utapiga kura ya kijani, yaani Ndiyo, uliulizwa papo hapo: "Kumbe wataka watoto wauawe?"

Basi nikamfungulia jirani mmoja kifungu cha 26. Kinasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha kinakataza kuavya mimba, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Mtu mwenye nia njema angelishika hilo neno "afya" na kuniuliza mipaka yake iko wapi. Hapo tungejadiliana hata kuche. Jirani yangu hakutaka hata kulitazama karatasi. Alirukia mahakama za Kadhi. Nilipomwambia kuwa zilikuwemo tangu katiba ya uhuru, alirukia ardhi. Ardhi nayo ilipomshinda, akaniuliza nimelipwa na nani!

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba sisi wa kijani tulikuwa malaika. La hasha! Mama mmoja wa kanisa alisema kwa upole kwamba lile neno "afya" linamtia hofu, akazomewa kuwa ametumwa na wanyakuzi wa ardhi. Maskini mama wa watu, hata shamba hana. Hakuna aliyemjibu, na swali lake lilikuwa la maana kabisa. Ndiyo ilishinda kwa takriban thuluthi mbili ya kura, lakini mwaka wa 2019 majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wangali wakikipima kifungu kile kile. Waliomzomea walitaka kura yake tu. Hofu yake waliachia mahakama.

Linaloniudhi si watu kutofautiana kuhusu mimba. Kuna wanaoamini kwa dhati kwamba ni dhambi katika hali yoyote ile, na kuna wauguzi walioona wasichana wakifa kwa kuavya vichochoroni. Hao wote nitawasikiliza. Wa kuudhi ni yule anayemtumia mtoto ambaye hajazaliwa, au msichana aliyekufa, kama fimbo ya kukuchapia hadi upige kura anavyotaka.

Siku hizi kabla sijaanza ubishi wowote wa siasa huuliza: "Ni jambo gani ukionyeshwa utabadili nia?" Kijana mmoja wa chuo alinijibu bila kusita kuwa hakuna. Nikamwagizia chai, tukazungumzia mpira.